Fundi wa Rangi Aliyeanza kwa Kugonga Kuta



Kwetu Lamu, nilikozaliwa na kulelewa, wazee hawakuwa na mazoea ya kusema wanapaka nyumba rangi. Walisema wanapaka chokaa, na neno hilo liliwatosha. Chokaa yenyewe ilitokana na mawe ya matumbawe yaliyochomwa kwa kuni katika tanuu, kisha yakaachwa yapoe na kunyeshewa hadi yalainike. Ukuta uliopakwa chokaa hupumua. Unyevu unaopanda kutoka ardhini hupita na kutoka nje taratibu, nao ukuta ukabaki mzima chini ya ule weupe. Kila ilipokaribia Ramadhani au Maulidi, aliitwa fundi yule yule aliyempakia nyanya yetu, na ambaye babake naye alizipaka kuta hizo hizo. Hakuulizwa bei mlangoni wala hakuandikiwa mkataba. Alijulikana yeye na walijulikana kwao, na hiyo ndiyo iliyokuwa dhamana.

Nayataja hayo kwa sababu wengi wetu siku hizi hatukai tena karibu na mafundi wanaojulikana na nyanya zetu. Tumeolewa bara, tumefuata kazi, na siku ukuta unapoanza kubambuka twajikuta tunampigia simu mtu tusiyemjua jina wala ukoo, tukimwomba aingie hadi chumba cha kulala. Mimi nimeolewa Machakos, na mwaka huu ni wa 14 tangu niingie katika nyumba hiyo. Msidhani kwamba Machakos ni ugenini mtupu kwa mtu wa pwani. Wafanyabiashara wa Kikamba walikuwa wakiteremka Mombasa na misafara ya pembe za ndovu tangu karne ya 19, na Waswahili nao wakapanda kwa njia hizo hizo. Mji wenyewe ulikuwa kituo kikuu cha utawala wa Waingereza huku bara kabla ya cheo hicho kuhamishiwa Nairobi mwaka 1899, reli ilipokuwa imekwisha kupita kando. Lakini nyumba za huko si za matumbawe, na mafundi wake si wale wa Mkomani.

Nyumba yetu aliijenga marehemu baba mkwe, Mwenyezi Mungu amrehemu, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ni ya matofali ya kuchoma, imepigwa plasta ya saruji, ina madirisha ya chuma na milango ya mbao iliyopakwa rangi ya mafuta mara zisizohesabika. Ukikwangua kizingiti kwa ukucha utaiona historia ya familia: kwanza rangi ya maziwa, chini yake samawati, chini yake kijani kibichi cha zamani, na chini kabisa nyekundu. Vumbi jekundu la Ukambani limekwisha kujikita katika kila ufa. Kwa miaka kadhaa tuliishi hivyo bila ya kuona haya.

Mambo mawili yalilileta suala la rangi mbele yetu. La kwanza ni mama yangu. Kaka aliyekuwa akikaa naye Lamu alipata kazi Muscat, na shauri la familia likawa kwamba mama aje kwangu kabla ya Ramadhani. Mama yangu ana pumu. La pili ni kitindamimba wangu, mtoto wa miaka miwili, ambaye alikuwa amezoea kusimama juu ya kochi, akashika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili na kuutafuna. Mara mbili nilimtoa maganda ya rangi mdomoni.

Hapa naomba nikae kidogo, maana ni jambo ambalo sisi akina mama hatulizungumzi vya kutosha. Rangi za mafuta za zamani, hasa zile zenye rangi kali kama njano, nyekundu na kijani, mara nyingi zilitiwa madini ya risasi, ama ili ziwe na mng'ao ama ili zikauke upesi. Risasi ina ladha tamu kidogo, ndiyo maana mtoto akionja hurudia. Ikiingia mwilini humdhuru mtoto mdogo kuliko mtu mzima, kwa sababu ubongo wake ungali unajengwa: hupunguza uwezo wa kujifunza, huharibu utulivu wake, na madhara hayo hayaondoki pale sumu inapotolewa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Siku hizi viwango vya Kenya vimeweka kikomo cha sehemu 90 za risasi katika kila sehemu milioni moja za rangi, lakini kikomo hicho hakiwezi kurudi nyuma na kuisafisha rangi iliyopakwa miaka 50 iliyopita. Wasomaji wa Mombasa hawahitaji kufundishwa na mimi habari ya sumu hii. Wanawake wa Owino Uhuru, pale Mikindani, waliona watoto wao wakidhoofika kwa sababu ya kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, na mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Sisi hatukuwa na kiwanda jirani. Tulikuwa na madirisha.

Daktari aliyemwona mtoto hakunitisha, wala hakunipuuza. Alitoa damu ikapelekwa maabara Nairobi. Tulingoja siku nane, na sitaki kuzieleza siku zile. Kipimo kilikuja chini ya 5, nacho 5 ndicho kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, linataka chanzo kitafutwe na kuondolewa. Alhamdulillahi. Lakini daktari akasema, "Chanzo unakijua tayari, mama. Kiondoe kabla ya kipimo kingine." Basi kazi ikawa si ya kupendezesha nyumba tena.

Walikuja watu watatu kutoa bei.

Wa kwanza alikuwa kijana wa shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu. Kijana mzuri, mwenye adabu, amemaliza kidato cha nne na amewahi kupaka maduka mawili mjini. Alitaka shilingi 18,000 za ufundi na akaahidi kumaliza kwa siku nne. Nilipomwuliza atafanya nini na rangi ya zamani ya madirishani, alinijibu kwa heshima, "Tutapiga msasa kidogo, mama mdogo, kisha tupite juu yake. Haitaonekana."

Wa pili sikumwona uso. Alitaka nimtumie picha kwa simu, na baada ya dakika tano akaleta bei ya shilingi 95,000, rangi na ufundi pamoja. Rangi gani? "Nzuri." Mikono mingapi? "Mpaka ikolee." Nikamshukuru.

Wa tatu alikuwa mtu mzima kutoka upande wa milima ya Mua. Nilielekezwa kwake na jirani ambaye nyumba yake niliitazama baada ya misimu miwili ya mvua, ingali imeshika rangi. Nawashauri dada zangu mfanye hivyo: msiitazame kazi ya fundi aliyomaliza jana, maana kila ukuta hupendeza jana. Alifika saa tatu asubuhi, akavua viatu barazani bila ya kuambiwa, na kwa muda wa saa mbili hakutaja pesa. Aligonga kuta kwa kifundo cha kidole, chumba baada ya chumba, akisikiliza mahali plasta ilipolia utupu. Alikwangua ukuta kwa ufunguo. Alibandika kipande cha selotepu juu ya rangi, akakibandua kwa nguvu, akanionyesha maganda yaliyotoka nacho. Kisha akauliza, "Mama, hapa kuna mtoto mdogo?" Sikuwa nimemwambia. Alikuwa ameona alama za meno dirishani.

Bei yake ilikuwa shilingi 46,000 za ufundi peke yake, siku 12. Alikuwa na cheti cha mtihani wa ufundi cha NITA, nami nilikitazama, ingawa kusema kweli zile saa mbili zilikuwa zimekwisha kunishawishi. Nilimwuliza mbona siku 12 ilhali mwenzake anasema nne. Akasema kupaka rangi ni siku tano. Zile saba ni za kuutayarisha ukuta, na ndizo ninazomlipia.

Ikawa lazima nizungumze na shemeji.

Mnajua wenyewe uzito wa jambo hili. Tumezoea kwamba riziki ya kazi ndogo ndogo ianzie nyumbani, na ni mazoea mema, yamewainua vijana wengi. Shemeji alikuja jioni, akakataa chai, akasema, "Nyumba hii aliijenga baba yetu. Leo mjukuu wake hafai kuipaka?" Nilimjibu kwa sauti ya chini, kwa kuwa wifi yangu alikuwa amekaa karibu, "Shemeji, mjukuu wake mwingine ndiye anayeyatafuna madirisha." Akanyamaza kitambo. Kisha akasema kwamba wao walikulia katika nyumba hiyo, wakayatafuna madirisha hayo hayo, na wako wazima. Nami sikuwa na jibu la hilo lililofaa kutamkwa na mke wa mdogo wake. Mume wangu, ambaye kazi yake ni bandarini Mombasa na huja mwisho wa mwezi, alisema kwa simu, "Anayekaa humo ni wewe. Amua, nami nitasimama nyuma yako." Maneno hayo yalinipa nguvu, ingawa pia yaliniacha peke yangu na shemeji.

Niliamua kumchukua fundi wa Mua, kisha nikamwomba jambo moja: amchukue kijana wetu awe msaidizi wake kwa siku zote 12. Alifikiri, akakubali kwa sharti kwamba kijana atamlipa yeye, si mimi, na kwamba akichelewa mara mbili ataondoka. Kijana alikubali kabla ya babake. Shemeji hakuja nyumbani kwetu tena hadi Idi, na siku ya Idi tulizungumza habari za mvua.

Tuliandika mapatano. Baadhi ya jamaa waliona kwamba nimezidisha, kana kwamba kumwandikisha mtu ni kumshuku. Lakini aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu jambo hili hili la kuandika deni la muda na kuweka mashahidi. Siioni kama ni aya ya watu wanaoshukiana. Karatasi yetu ilikuwa ukurasa mmoja. Ilitaja kila chumba, aina ya rangi ya kila mahali, idadi ya mikono ya kupaka, atakayenunua vifaa, atakayesafisha, na saa za kazi. Malipo yaligawanywa: arubuni ya shilingi 10,000, kisha 15,000 kuta zikiwa tayari, 15,000 baada ya mkono wa pili, na 6,000 za mwisho wiki mbili baada ya kumaliza, maana kasoro za rangi hazijitokezi siku ile ile. Wifi na jirani walitia saini kama mashahidi. Nililipa kwa M-Pesa kila mara, na siku ile ile hatua ilipokamilika, kwa sababu haki ya mwenye jasho haifai kungojeshwa hadi tujisikie. Mtu akidhulumiwa, iwe mwenye nyumba au fundi, iko Mahakama ya Madai Madogo iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Lakini mahakama haiwezi kukusaidia sana ikiwa mapatano yenu yalikuwa ni "mpaka ikolee".

Vifaa nilinunua mwenyewe, nikiwa na wifi, kwa orodha ya fundi. Hesabu yake si ngumu, na ni vizuri kila mama aijue. Chumba cha mita 4 kwa 3.5 kina mzingo wa mita 15. Ukizidisha kwa urefu wa ukuta, mita 2.7, unapata mita za mraba 40 na kidogo. Toa mlango na dirisha, zinabaki kama 37. Mikono miwili ni 74. Lita moja ya rangi ya maji hupaka takriban mita za mraba 10 za ukuta laini kwa mkono mmoja, basi chumba hicho kinahitaji lita saba na nusu hivi, yaani galoni mbili za lita 4. Fundi akikuambia chumba kimoja kinataka ndoo nzima ya lita 20, mwombe akuonyeshe hesabu. Tulipofika dukani tuliitafuta alama ya Shirika la Viwango la Kenya juu ya kopo, na nikatuma nambari ya kibali kwa ujumbe mfupi kwenda 20023, yakiwa yametanguliwa na herufi SM na alama ya reli. Jibu likaja likitaja bidhaa na mtengenezaji wake. Mwenye duka alicheka kidogo. Wifi akamwambia acheke, sisi tunangoja risiti.

Kuhusu wanaume wa kigeni kuingia nyumbani, nilipanga mambo mapema ili lisije likatokea la kuoneana haya. Wifi, ambaye anakaa mtaa wa pili, alikuja kila siku na kibarua chake cha kusuka, hivyo sikubaki peke yangu ndani na mafundi hata saa moja. Mlango wa uani ulibaki wazi. Kazi ilianza saa mbili asubuhi, ikakoma saa kumi na moja jioni, na hakuna chumba kilichoguswa kabla ya mimi kukitoa nguo na vitu vya siri. Misahafu na vitabu nilivihamisha mwenyewe. Niliwawekea choo cha nje, ndoo ya maji na sabuni, na chakula cha mchana. Nashona madera na mabuibui pale nyumbani, kwa hiyo nilikaa na cherehani yangu sebuleni, nikiwa na ushungi wangu, na kazi zote mbili zikaendelea. Fundi ni Mkristo. Siku ya kwanza aliuliza tunaswali saa ngapi, na tangu siku hiyo alizima redio yake kila adhuhuri bila ya kukumbushwa.

Zile siku saba ndizo zilizonifundisha mengi. Mtoto nilimpeleka kwa wifi alale huko hadi madirisha yaishe. Fundi aliziba mlango wa kila chumba kwa karatasi ya nailoni, akatandika turubai sakafuni, na rangi ya zamani hakuipiga msasa mkavu hata mara moja. Alilowesha, akakwangua, akalowesha tena, akatumia msasa wa maji. Kijana wetu alipochukua ufagio, alimzuia mkono: vumbi lile halifagiliwi, hupanguswa kwa kitambaa kibichi, na kitambaa hakirudi jikoni. Aliniambia pia nisikubali kamwe mtu aje na moto wa kuunguza rangi kuukuu, kwa sababu moshi wake ndio mbaya zaidi. Maganda yalitiwa katika mifuko na kufungwa. Jioni wote wawili walivua nguo za kazi, wakanawa uso na mikono kabla ya kwenda kwao. Fundi naye ana wajukuu. Baada ya hapo ndipo zikaja puti katika nyufa, praima juu ya chuma na mbao, na kuta zikapigwa mkono wa kwanza. Nilitaka rangi ya maji kila mahali ilipowezekana, kwa ajili ya kifua cha mama, maana rangi ya mafuta na tapentaini yake hutoa mvuke unaokaa siku nyingi. Milango na madirisha, ambayo hayakuwa na budi kupakwa ya mafuta, yalipakwa mapema ili yapate wiki mbili za kupigwa na upepo kabla ya mama kufika. Ilikuwa Januari, jua kali na anga kavu, mwezi mzuri kwa kazi hii Machakos kabla ya masika.

Siku ya sita alikiingia chumba nilichomtengea mama, kinachopakana na bafu. Ukutani, kimo cha goti, palikuwa na unga mweupe kama chumvi. Nilizoea kuupangusa. Fundi alibandika kipande cha nailoni kwa selotepu pande zote nne, akasema tukiache hadi asubuhi. Asubuhi matone ya maji yalikuwa yametanda upande wa ndani, ule unaogusa ukuta. Maana yake ni kwamba maji yalikuwa yakitoka ukutani wenyewe, si hewani. Bomba la bafu lilikuwa linavuja ndani ya plasta, Mungu ndiye ajuaye tangu lini, na unga ule ulikuwa ni chumvi za saruji na matofali zinazosukumwa nje na maji.

"Ukuta huu siupaki," akasema.

Zilibaki siku 17 mama kuwasili, na tiketi ya basi ilikwisha kukatwa. Nilimwuliza kama hakuna dawa yoyote ya kuzuia. Akasema zipo rangi za kuziba unyevu, na anaweza kuzinunua kesho na ukuta ukapendeza hadi Idi. Lakini maji yaliyozibiwa upande mmoja yatatafuta upande mwingine, na ukungu utaota nyuma ya kabati asikouona mtu. "Na aliniambia mama kwamba mgonjwa wa kifua ndiye atakayelala hapa," akaongeza. Kijana wetu alikuwa amesimama mlangoni na brashi yake. Ni yeye aliyesema kwamba babake angeshauri tupige rangi ya mafuta tu, kisha akatazama chini, akasema kwamba yeye mwenyewe asingeipiga.

Fundi wa mabomba alikuja, ukuta ukapasuliwa, bomba lililooza likabadilishwa, plasta iliyolowa ikabomolewa hadi kwenye tofali. Kipande kipya cha plasta nacho huhitaji takriban wiki nne kukauka na kupungua ukali wake kabla ya kupakwa, na tofali lililokunywa maji kwa miaka huhitaji zaidi ya hapo. Masika yalikuwa njiani. Tulikubaliana kwamba ukuta ule usipakwe hadi mvua zipite, na kwamba katika zile shilingi 6,000 za mwisho, 2,000 zibaki kwangu hadi siku hiyo. Tuliliandika chini ya mapatano, tukatia saini upya.

Mama alifika siku tatu kabla ya mwezi kuandama. Alizunguka nyumba nzima akiwa ameshika bega la mjukuu wake, akanusa hewa, akauliza, "Kwani hamkupaka chokaa?" Nikamwambia huku hawapaki. Akasema rangi si mbaya, ila haina harufu ya nyumba. Usiku ule nilikaa macho nikisikiliza kifua chake, nacho kilikuwa kimetulia.

Analala katika chumba nilichokuwa nikishonea. Cherehani yangu ingali sebuleni, na wateja wangu wamezoea kupimwa nyuma ya pazia. Mtoto atatolewa damu tena mwezi ujao, inshaAllah. Kijana wetu sasa yuko Athi River na yule fundi, wanapaka nyumba nyingine, na hurudi jioni akiwa amenawa.

Chumba cha bafuni kimebaki na ukuta mmoja wa kijivu, mtupu. Kila baada ya wiki mbili fundi hunipigia simu kuuliza hali yake, nami hubandika nailoni jioni na kuitazama baada ya sala ya alfajiri. Juzi matone yalikuwa matatu tu, upande wa chini. Nimemwambia angoje.